Ubeti Mbele ya Wenzako: Kusomeana Mashairi Katika Madarasa ya Butembo na Beni

Mwalimu wa sekondari mjini Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, mwenye darasa la wanafunzi 60, akiwaagiza waandike kila mmoja shairi la beti nne, jioni hurudi nyumbani na beti 240, yaani mishororo 960 inayomsubiri. Akilipa kila shairi dakika kumi tu, saa kumi zimekwenda, na bado hajagusa somo jingine wala shughuli za nyumbani ambazo mshahara wa ualimu haumruhusu kuziacha. Inavyoishia tunajua: namba pembeni, 12 kwa 20, neno moja la kutia moyo, kosa la tahajia lililozungushiwa wino mwekundu. Mwanafunzi anatazama namba, anafunga daftari, na shairi lake halisomwi tena na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo. Hasara hiyo inaepukika, na dawa yake haihitaji vitabu wala fedha: wanafunzi wasomeane mashairi yao na kuambiana kwa utaratibu walichokisikia, kabla mwalimu hajatia alama. Mwalimu aliyechoka atapata nafuu, na anaistahili. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Anayefaidika zaidi katika kusomeana ni yule anayetoa maoni, na kazi ya kutoa maoni ni sehemu ya ufundi wa ushairi ambayo hakuna mwalimu awezaye kuifanya kwa niaba ya mwanafunzi wake.

Dai hili limepimwa. Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti waliofanya Marekani, katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, kwa wanafunzi 91 wa madarasa tisa waliokuwa wakijifunza kuandika Kiingereza, lugha isiyo yao. Kundi moja lilifundishwa kusoma insha za wengine na kuzitolea maoni, bila lenyewe kupewa maoni yoyote. Kundi la pili lilipewa maoni na kufundishwa jinsi ya kuyatumia. Mwisho wa muhula, waliokuwa wakitoa maoni ndio walioendelea zaidi katika uandishi wao wenyewe, hasa wale walioanza wakiwa wa kiwango cha chini. Hali ya wanafunzi wale haiko mbali na ya kijana wa Butembo anayezungumza Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, kisha akaandika Kifaransa darasani: wote wanaandika katika lugha ambayo bado wanaipanda kama mlima. Na sababu ya matokeo hayo haina siri kubwa. Nikisoma shairi langu, macho hayaoni kilichoandikwa, yanaona nilichokusudia. Pengo la maana ninalijaza bila kujua, kwa sababu maana ninayo kichwani. Shairi la mwenzangu halina kichwa changu nyuma yake. Pale lilipopinda napaona, na nikishajifunza kupaona kwake, jicho hilohilo narudi nalo kwenye daftari langu.

Wapo watakaosema kwamba hii ni mitindo ya vyuo vya ng'ambo inayoletwa kwa watu wenye njia zao. Kwa ushairi wa Kiswahili, kinyume chake ndicho kweli. Ushairi huu umekua kwa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, hatumjui kama mtu aliyekaa peke yake akitunga; tunamjua katika majibizano na washairi wa Lamu na Pate wakati miji hiyo ilipokuwa ikigombea mamlaka na Mombasa. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, kurasa zake za mashairi zikawa uwanja ambapo mtu wa Tanga aliweza kumjibu mtu wa Kigoma, na wasomaji wakahukumu. Mwaka 1959 ikaundwa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, ambamo watunzi kama Mathias Mnyampala walikutana na wenzao. Ili umjibu mtu kwa shairi ulilazimika kwanza kumsikiliza vizuri: kushika vina vyake, kushika bahari yake, kuona hoja yake ilikolegea. Hayo ni maoni ya rika kwa rika, yaliyovikwa vazi la ubeti. Tofauti ipo, na haifai kufichwa. Katika malumbano lengo ni kushinda. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, mabishano yaliyozuka yalinoa hoja za pande zote mbili, lakini pia yaliwafanya wengi wasimame kwenye kambi zao na kuacha kusoma beti zenyewe. Darasa linahitaji masikio ya malumbano bila kiu yake ya ushindi. Tunaomba jambo gumu, na ndiyo maana linahitaji kufundishwa.

Hapa ushairi wa Kiswahili una zawadi ambayo walimu wetu hawaitumii ipasavyo. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi aliyoitoa mwaka 1954 pamoja na diwani yake, aliweka wazi kanuni ambazo mtu yeyote anaweza kuzikagua: idadi ya mizani, vina vya kati na vya mwisho, kituo, utoshelevu wa ubeti. Kijana wa miaka 15 hawezi kukuambia mara moja kama shairi ni zuri. Kuhesabu silabi kwa vidole anaweza. Tuchukue mshororo ambao nimeutunga kwa ajili ya makala haya: “Damu yetu inamwagika, dunia yatutazama.” Msomaji anahesabu kipande cha kwanza anapata mizani tisa, cha pili anapata nane. Anasema: kipande chako cha kwanza kimezidi. Mtunzi anahesabu naye, anakuta ni kweli, anabadili “inamwagika” kuwa “yamwagika”, na mshororo unasimama sawa, nane kwa nane. Jambo dogo, lakini tazama yaliyotendeka. Mmoja amesema neno la kweli kuhusu kazi ya mwenzake, mwenzake amelipima mwenyewe badala ya kulipokea kwa sababu ya cheo cha msemaji, na hakuna aliyetukanwa. Mazungumzo mengine yote yanaweza kujengwa juu ya tendo hilo la kwanza. Walimu wa lugha ambazo ushairi wake wa leo hauna kipimo kinachokubalika na wote huhangaika wiki nyingi kupata mahali pa kuanzia, sisi tunapo.

Hesabu ni mlango tu. Mshororo ule uliokwisha kunyooka una mizani kamili na bado ni dhaifu, na hapo ndipo kazi nzito inapoanza. Msomaji wa pili aulizwe: umeona nini? Akiwa mkweli atasema hakuona kitu. Damu ya nani? Dunia ipi, imekaa wapi inapotazama? Maneno haya yamepita kwenye mabango, kwenye hotuba, kwenye matangazo ya redio, hata yamechoka. Mtunzi akiulizwa alikuwa akimfikiria nani alipoandika, huenda akasema alimfikiria jirani aliyekwenda shambani asubuhi asirudi. Basi kwa nini jirani huyo hayumo? Anarudi kwenye daftari na kuleta: “Jembe limelala shamba, mwenyewe hakurejea.” Mizani ni ileile, nane kwa nane. Lakini sasa kuna jembe, kuna shamba, kuna mtu mmoja aliyekosekana, na msomaji wa Mangina au wa Oicha, karibu na Beni, ambako watu wameuawa mashambani, hahitaji kuambiwa ni nini kimetokea. Mwalimu angeweza kuuliza maswali hayohayo. Angeyauliza mara moja, kwa shairi moja, mbele ya wanafunzi 59 wanaosubiri zamu. Vikundi vya watu wanne vinaweza kuyauliza mara 60 katika vipindi viwili, na kila anayeuliza anajifunza kwamba swali hilo lipo.

Watu wa Beni na Butembo wana ushahidi mzito, walioulipia kwa maisha, kuhusu tofauti ya maoni yanayofaa na kelele. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaanzia Mangina na kuenea Beni, Butembo na Katwa hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, waliokufa walifikia 2,287. Katikati ya hofu na hasira, wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita mitaani wakiandika walichosikia: maswali, tuhuma, uvumi, mapendekezo. Mengi yalikuwa ghadhabu tupu, na ghadhabu hiyo ilikuwa na sababu zake. Lakini watu waliposema kwamba hawawezi kujua ni nani aliyemo ndani ya mfuko wa maiti, hapo palikuwa na kitu cha kushika. Ikatafutwa mifuko inayoonyesha kilichomo ndani, jamaa wakaweza kumwona mtu wao kabla ya kumzika. Silinganishi mazishi na darasa la ushairi kwa uzito. Ninachotaka kuonyesha ni namna maoni yanavyofanya kazi: neno lililotaja jambo moja linaloweza kubadilishwa lilibadilisha jambo hilo, na maneno mengine elfu hayakubadilisha kitu. “Shairi lako halina ladha” halimsaidii mtu. “Ubeti wa tatu unarudia ulichosema wa pili” linampa mtunzi kazi ya kesho.

Pingamizi la kwanza, na ni zito, linasema kwamba wanafunzi hawajui, na kipofu hamwongozi kipofu. Graham Nuthall wa New Zealand, aliyetumia miaka mingi kurekodi mazungumzo ya wanafunzi madarasani, aligundua kwamba sehemu kubwa ya maoni anayopata mwanafunzi kuhusu kazi yake hutoka kwa wenzake, na kwamba mengi kati ya hayo si sahihi. Wapo wanaosoma ugunduzi huo kama hoja ya kuwanyamazisha wanafunzi. Mimi nausoma kinyume. Kama wanaambiana tayari, chini ya madawati, njiani, wakati wa mapumziko, na wanaambiana vibaya, basi kunyamaza kwa mwalimu ndiko kunakoyaacha maoni mabovu yatawale. Njia ni kuyaleta mbele ya darasa na kuyatengeneza. Nako kutengeneza kuna miiko yake. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipokusanya mwaka 1996 matokeo ya tafiti nyingi za miongo kadhaa, walikuta kwamba kwa wastani maoni husaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo yaliwarudisha watu nyuma. Na kadiri maoni yanavyoelekea kwenye nafsi ya mtu badala ya kazi yake, ndivyo nguvu yake ya kusaidia inavyopungua. Wakati mwingine hata sifa huingia katika mtego huo. Kumwambia msichana “wewe ni mshairi wa kuzaliwa” kunampa sababu ya kuogopa shairi lijalo, maana huenda likaonyesha kwamba hakuzaliwa hivyo.

Kwa hiyo mwalimu ana kazi, tena kubwa, kabla ya vikundi kukaa. Achukue shairi lisilo la mwanafunzi yeyote, alilolitunga yeye na kulitia kasoro makusudi, alisome mbele ya wote na kuwaacha walifanyie mazoezi. Awafundishe kwanza kueleza bila kuhukumu: shairi linasema nini, nani anazungumza, picha ipi imebaki kichwani baada ya kusikiliza. Mwanafunzi akimweleza mtunzi kwamba alidhani shairi linahusu ndoa, ilhali mtunzi aliandika juu ya msiba, amekwisha kutoa maoni yenye thamani kuliko ukurasa wa masahihisho, na hakutumia hata neno moja la kukosoa. Baada ya hapo yaje maswali, na mwisho mapendekezo, moja au mawili, si kumi. Mtunzi aandike yote bila kujitetea, kisha achague. Uamuzi ni wake. Nasisitiza hili kwa sababu mkusanyiko wa watu wengi huelekea kuvuta kila shairi katikati, liwe zuri kwa wote na lisiwe la ajabu kwa yeyote. Kikundi kinachopiga kura juu ya mshororo kimeacha kazi yake.

Pingamizi la pili linahusu adabu. Tunaambiwa kwamba watu wetu hawapendi kumkosoa mtu hadharani, hasa aliyewatangulia kwa umri, na kwamba kijana hupewa nafasi ya kusikiliza kabla ya nafasi ya kusema. Kuna ukweli ndani yake. Katika kyaghanda ya Wanande, ile nyumba ya kukutania ambamo mambo ya ukoo yalizungumzwa na vijana wakajifunza kwa kusikia, si kila mtu alikuwa na haki sawa ya neno. Wazee walisema, na wanawake kwa kawaida hawakuwa na kiti pale. Sitaki kuisifu kama mfano wa darasa. Lakini ndani ya kyaghanda kulikuwa na ustadi ambao darasa lingefaidika nao: kungoja mwenzako amalize, kurudia alichosema kabla ya kumjibu, kupinga hoja bila kuvunja undugu. Na Butembo huohuo una uwanja mwingine usio na haya hata kidogo. Parlement debout de Furu, mkusanyiko wa wananchi wanaojadili mambo ya nchi wakiwa wamesimama, umejulikana kwa miaka mingi kwa kuwahoji wenye madaraka. Mji unaoweza kumkosoa kiongozi kwa jina, barabarani, hauwezi kusema kwamba ukosoaji ni desturi ya kigeni. Kinachokosekana ni mahali pa katikati, penye uhuru wa Furu na subira ya kyaghanda, na ambapo msichana wa darasa la tano la sekondari anasoma shairi la mvulana wa darasa la sita na kumwambia ubeti wake wa mwisho umeongezwa kwa haraka. Mwalimu apange zamu za kusema. Akiacha uwanja wazi, sauti nzito zitaumeza, na darasa litakuwa kyaghanda ya zamani katika sare za shule.

Lipo pingamizi la tatu, ambalo naliheshimu kuliko mengine yote. Tangu Oktoba 2014, vijiji vinavyozunguka mji wa Beni vimeshambuliwa tena na tena na ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Watu wameuawa mashambani, njiani, majumbani, na hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa Mei 2021 haikuleta mwisho wake. Katika darasa lolote la Beni au Oicha kuna anayeandika juu ya baba yake. Mwenzake ana haki gani ya kumwambia kwamba mizani imepungua? Kuna walimu wanaojibu kwa kuyaweka mashairi ya msiba kando: yasomwe, yapigiwe makofi, yasiguswe. Naelewa moyo wao. Hata hivyo naamini wanakosea. Kupiga makofi na kupita ni njia ya kutosikiliza. Kijana aliyekaa usiku mzima akitafuta neno la kumweka baba yake ndani ya ubeti anastahili mtu atakayeusoma ubeti huo neno kwa neno, amwambie: hapa nilimwona, hapa sikumwona tena, nikasikia hotuba. Waliokufa Beni wamekwisha kuzungumzwa kwa jumla, kwa tarakimu, kwa taarifa zinazofanana kila wiki. Ushairi ndio mahali ambapo mmoja wao anaweza kuwa mtu mwenye sauti, viatu na mizaha yake, na hilo halifikiwi kwa rasimu ya kwanza.

Haki hiyo ya kuugusa ubeti lazima itolewe na mwenye ubeti. Mtunzi wa dansi Liz Lerman wa Marekani alibuni karibu mwaka 1990 utaratibu ambao msanii mwenyewe huuliza maswali kabla ya kuulizwa, na mtazamaji mwenye rai huomba ruhusa kwanza. Si lazima tuufuate wote. Inatosha kila mtunzi, kabla ya kusoma, aseme mojawapo ya mambo mawili: nisikilizeni tu, au nisaidieni kulinyoosha. Akisema la kwanza, kikundi kinasikiliza, kinashukuru, kinanyamaza, wala hakuna anayelifufua shairi hilo mpaka mwenyewe aliombee. Akisema la pili, wenzake wanazungumza juu ya maneno yaliyo kwenye karatasi. Hawazungumzi juu ya kifo, hawabishani nani alifanya, hawamwambii angepaswa kuhisi nini. Mwalimu akiona kwamba aliyeandika anahitaji msaada ambao ushairi hauwezi kutoa, kikundi cha kusomeana si mahali pake; amtafutie mtu anayeweza kumsaidia.

Kuhusu wanaoshikilia kwamba mshairi wa kweli hutunga peke yake, nitasema kwa ufupi. Wanatoa mfano wa Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki katika magereza ya Kenya kati ya 1969 na 1972, akiandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Msomaji alimpata wapi mle? Alikuwa naye tayari. Abdilatif alikulia katika ukoo wa washairi, Ahmad Nassir, mtunzi wa diwani ya Malenga wa Mvita, akiwa nduguye, na masikio ya watu wale aliingia nayo gerezani. T. S. Eliot naye alimpa Ezra Pound mswada wa The Waste Land, Pound akaufyeka kurasa kwa kurasa kabla haujachapishwa mwaka 1922, na Eliot akamtunukia shairi. Upweke una nafasi yake wakati wa kuandika. Anayeingia ndani yake bila kuwahi kusomwa na mtu hana wa kuzungumza naye.

Gumu zaidi, kwa kweli, ni suala la lugha, na hapa nawatahadharisha walimu wenzetu wa Kiswahili. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo, na sheria ya elimu ya Februari 2014 imezipa lugha hizo nafasi katika miaka ya mwanzo ya shule. Lakini sekondari inafundishwa kwa Kifaransa, na Kiswahili ambacho mwanafunzi anakisikia redioni kutoka Tanzania si kile anachokitumia katika soko la Butembo. Wape vikundi uhuru bila maelekezo, na nusu ya maoni yatakuwa: hiki si Kiswahili fasaha. Mashairi yatapoteza roho. Kipimo changu ni hiki: kikundi kiulize kama neno limechaguliwa au limeteleza. Mtunzi anayemweka mama muuza ndizi akisema kama wanavyosema akina mama wa Butembo amechagua, na hakuna wa kumsahihisha. Anayechanganya ngeli kwa kutojua ameteleza, na atashukuru kuambiwa. Vijana wa slam, ushairi wa kutamkwa jukwaani, wa Goma, ambao wengi wamewajua kupitia Goma Slam Session na mtunzi kama Ben Kamuntu, wamekwisha kuonyesha kwamba ubeti unaoruka kati ya Kifaransa na Kiswahili cha mtaani unaweza kusimama jukwaani na kusikika. Katika slam kuhesabu silabi hakutoshi. Kikundi kisikilize pumzi, mahali mstari unapokatwa, neno ambalo ulimi unalikwaa.

Na sasa madarasa haya yana wanafunzi wapya. Baada ya waasi wa M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, utawala wa jimbo la Kivu Kaskazini ulihamishiwa Beni, na familia zilizokimbia vita vya kusini mwa Lubero zilikuwa zimekwisha kupanda hadi Butembo. Mtoto aliyetoka Rutshuru au Masisi huenda hajui Kinande, hajui Furu iko upande gani, hajui ni kilima kipi mtunzi anakitaja bila jina. Walimu humwona kama mzigo wa ziada kwenye dawati lililokwisha kujaa. Katika kikundi cha kusomeana mashairi yeye ndiye msomaji anayehitajika kuliko wote, kwa kuwa hawezi kujaza mapengo kwa kumbukumbu za mtaani. Anapouliza “kilima gani?”, mtunzi wa Butembo analazimika kwa mara ya kwanza kukijenga kilima hicho kwa maneno, ili hata mtu wa Kisangani au wa Zanzibar akione. Zamu ya mgeni ikifika, wenyeji nao watamuuliza mto wake ulikuwa na rangi gani. Mwalimu atakayegawa vikundi vya watu wanne wiki ijayo aanze kwa kuhakikisha kwamba kila kikundi kina mmoja asiyejua.